Mgeni njoo, mwenyeji apone



Wazee wetu walituachia methali mbili juu ya mgeni. Ya kwanza yasema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ya pili yasema: Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Juma hili twataka kuzipima methali hizo mbali na kwetu, katika Jamhuri ya Dominika, nchi iliyo upande wa mashariki wa kisiwa cha Hispaniola, katika Bahari ya Karibi. Ndugu zetu wanaoishi Ubelgiji, Ufaransa na Kanada huona kila majira ya baridi matangazo ya hoteli za pwani ya huko, na pengine baba na mama huweka akiba ili wawapeleke watoto. Yafaa basi kujua ni ukarimu wa namna gani unaouzwa humo.

Desturi yenyewe ni hii. Mgeni hulipa mara moja, kabla hajatoka kwake: chumba, chakula, vinywaji, michezo ya watoto na ngoma za jioni, vyote kwa bei moja. Akifika, hufungwa kikuku cha plastiki mkononi. Toka saa ile hana haja ya mfuko wa fedha; akinyosha mkono, hupewa. Lakini kikuku cha hoteli moja hakifungui lango la hoteli ya pili. Kila moja ina bustani yake, mabwawa yake ya kuogelea na walinzi wake. Mtu aweza kuzunguka hoteli tatu kwa juma moja, akalalia vitanda vitatu vizuri, asijue bei ya mkate katika nchi ile wala jina la kijiji kimoja. Ni mgeni asiyepewa jembe kamwe.

Mwanzo wa mambo haya ulikuwa mdogo. Mwaka 1950, Mbelgiji mmoja, Gérard Blitz, alipiga mahema kwenye pwani ya kisiwa cha Mallorca, Hispania, ili watu wapumzike pamoja kwa gharama ndogo. Ndivyo ilivyoanza Club Med. Huko Dominika, mahali tunapoita leo Punta Cana palikuwa msitu mtupu mwaka 1969, wakati Theodore Kheel, mwanasheria wa New York, aliponunua ardhi pamoja na wenzake. Mwaka 1981 Club Med ilifungua kijiji chake hapo, na mwaka 1984 kiwanja cha ndege kilifuata, nyumba yake imeezekwa kwa makuti. Mwaka 2023 nchi nzima ilipokea wageni zaidi ya milioni 10, na wenyeji wake wote ni karibu milioni 11.

Je, mwenyeji amepona? Tusiseme uongo: wengi wamepata kazi. Wapishi, wafuaji, madereva, watunza bustani na wapiga muziki hulisha watoto wao kwa kazi hiyo. Lakini hoteli nyingi ni za makampuni ya nje, hasa ya Hispania, na sehemu ya faida huvuka bahari pamoja na wageni. Tena, aliyekwisha kulipia chakula chote hana sababu ya kwenda kula kwa mama mwenye sufuria yake kando ya barabara. Mgeni amefika kweli, lakini kwa mama huyo hakufika.

Hata pwani yenyewe ina maneno. Katiba yao, katika kifungu cha 15, yatamka kwamba mito, maziwa na pwani ni mali ya wote, na kila mtu ana ruhusa ya kufika huko. Sheria ni nzuri. Lakini mahali ambapo hoteli zimesimama bega kwa bega, mvuvi na watoto wake hutafuta njia ya kupita.

Nchi ile imekwisha kusikia swali kama hili zamani. Siku ya Mungu, tarehe 21 Desemba 1511, katika Majilio, Padri Antonio de Montesinos wa shirika la Mtakatifu Dominiko alihubiri mjini Santo Domingo mbele ya wakubwa wa Hispania. Aliwauliza kwa haki gani waliwatumikisha wenyeji wa kisiwa hata kufa, na kama wenyeji hao hawakuwa watu kama wao. Wakubwa walikasirika, wakamtaka ayafute maneno yake. Siku ya Mungu iliyofuata alipanda tena mimbarani, akasema yale yale. Mfanyakazi wa hoteli si mtumwa, ana mshahara na sheria. Lakini swali la Padri Montesinos halijazeeka: huyu anayeniletea sahani, je, namwona kuwa mtu?

Nasi watu wa Kongo tuna sababu ya pekee ya kuuliza. Katika Villa Mella, karibu na Santo Domingo, kuna chama cha Wakristo kiitwacho Undugu wa Roho Mtakatifu wa Wakongo. Kilianzishwa na watumwa Waafrika na watu wa damu mchanganyiko katika karne ya 16. Ngoma zao zaitwa kongo, nao huzipiga siku ya Pentekoste na katika matanga ya wafu wao. Mwaka 2001 UNESCO ilikitangaza kuwa urithi wa watu wote. Basi anayeleta sahani aweza kuwa mjukuu wa babu zetu.

Kwa hiyo, mzazi atakayepata bahati ya kwenda, na aende kwa furaha. Kupumzika si dhambi, Mungu mwenyewe alipumzika siku ya saba. Lakini awafundishe watoto kuamkia kabla ya kuagiza. Wajaze sahani kadiri ya njaa, si kadiri ya macho, kwa maana chakula kisicho na bei mezani kimelimwa na mtu kwa jasho. Amwachie mtumishi matabishi mkononi mwake. Na siku moja atoke nje ya lango, aende Higüey, ambako wafanyakazi wengi wa hoteli hukaa, akasali katika basilika ya Bikira Maria wa Altagracia pamoja na watu wa nchi, akanunue chakula chake sokoni.

Na sisi ambao hatutaona pwani ile? Tutazame jikoni kwetu. Mara nyingi yumo binti aliyeletwa kutoka kijijini, mtoto wa ndugu, anayeamka wa kwanza na kulala wa mwisho. Anachota maji, anapika, anaosha vyombo, na watoto wetu hunyosha mkono tu, kama wenye kikuku. Hakulipwa kwa bei moja wala mbili. Je, amekaa mezani pamoja nasi? Anakwenda shule? Yeye ndiye mgeni tuliyempa jembe siku ya kwanza. Juma hili, baba na mama, mpokeeni jembe hilo kidogo, mmpe kiti.