Mnyonge Mnyongeni, Jina Lake Mpeni

Wahenga walinena kwamba wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Aghalabu methali hii hutumiwa kufafanua siasa na vita. Hata hivyo, mwaka 2011 ilipata ushahidi mpya katika studio ya michezo ya video jijini Sydney, Australia. Fahali wa kwanza alikuwa Team Bondi, studio iliyoasisiwa na Brendan McNamara mwaka 2003. Wa pili alikuwa Rockstar Games, mchapishaji mashuhuri wa michezo hiyo kutoka Marekani. Nyasi, kama ilivyo ada, ni wafanyakazi.

Kazi iliyowakutanisha ni mchezo uitwao L.A. Noire, uliotolewa Mei 2011 baada ya takriban miaka saba ya utengenezaji. Mchezaji huvaa uhusika wa Cole Phelps, mpelelezi wa polisi katika Los Angeles ya mwaka 1947, na jukumu lake ni kuwahoji washukiwa ili abaini nani anasema kweli na nani anadanganya. Ili uso wa mhusika uweze kuusaliti uongo wake, nyuso za waigizaji zilinaswa kwa kamera 32 kwa mpigo mmoja. Mchezo ulisifiwa na ukauzwa mamilioni ya nakala. Kinaya ni kwamba mchezo huo unaomzoeza mtu kuutafuta ukweli ulikuwa na ukweli wake uliofichwa.

Ukweli huo ulianza kujitokeza mwezi wa Juni mwaka huo huo. Waliokuwa wafanyakazi wa studio walitoa orodha ya majina zaidi ya 100 ya watu ambao, kwa mujibu wao, walishiriki katika kuuunda mchezo ilhali majina yao hayakuonekana, au yalionyeshwa visivyo, katika orodha ya washiriki inayopita kwenye skrini mchezo unapokwisha. Punde si punde wafanyakazi 11 wa zamani wakamsimulia mwandishi wa habari kuhusu siku za kazi zisizo na kikomo, wikendi zilizomezwa na kazi, na uongozi wa kukemea. Chama cha kimataifa cha waundaji wa michezo, IGDA, kikatangaza kwamba kingelichunguza suala hilo.

Utetezi wa uongozi haukukosa mantiki. McNamara alieleza kwamba watu wote walifanya kazi saa zile zile na kwamba hakuna aliyemzidi yeye. Wapo pia wanaoshikilia kwamba anayeiacha safari njiani hana haki ya kuhesabiwa miongoni mwa waliofika, na kwamba jina katika orodha ya mwisho ni tuzo ya uvumilivu. Hoja hizi zapaswa kupimwa kwa haki. Sanaa kubwa hudai jasho, na kiongozi atokaye jasho pamoja na watu wake anastahili heshima.

Lakini kuna tofauti ambayo hoja hizo zinaifumbia macho. Mkurugenzi anapokesha, anakesha kwa ajili ya kazi ambayo jina lake halitang'oka humo. Kijana aliyechora milango ya nyumba za mtaa mmoja kwa miaka miwili anakesha bila dhamana hiyo. Akiugua, akichoka au akipata kazi kwingine mwezi mmoja kabla ya mchezo kutolewa, milango yake itabaki na wachezaji wataifungua, ila yeye atakuwa kana kwamba hakuwahi kuwapo. Saa zinaweza kulingana ilhali malipo ya saa hizo yametofautiana kama mbingu na ardhi. Isitoshe, jina likitumiwa kama chambo cha kumzuia mtu asiondoke, huwa limekoma kuwa tuzo na kugeuka kamba.

Fahali wa pili naye hawezi kunawa mikono. Barua pepe za ndani zilizofichuliwa Julai 2011 zilidhihirisha kwamba uhusiano wa studio na mchapishaji ulikuwa umeingia doa. Mwishoni mwa Agosti Team Bondi iliwekwa chini ya wasimamizi wa mufilisi, na mnamo Oktoba ikavunjwa. Mchapishaji alibaki na mchezo pamoja na faida yake. Huyu ndiye aliyekuwa na uwezo wa kuweka katika mkataba sharti dogo kwamba kila mchangiaji atajwe. Mwaka 2018, Rockstar yenyewe ilipokosolewa kuhusu saa za kazi na majina ya walioondoka kabla ya Red Dead Redemption 2 kukamilika, iliwashukuru watu hao kwenye tovuti yake. Hatua hiyo yafaa kupongezwa, lakini inathibitisha pia kwamba jambo lililodaiwa mwaka 2011 halikuwa muhali.

Linalosikitisha zaidi katika mkasa huu ni kwamba wale 11 waliozungumza na mwandishi wa habari walizungumza kwa sharti la kutotajwa. Watu waliolalamikia mahali ambapo majina yalifutwa walilazimika kuyafuta majina yao wenyewe ili walalamike. Katika tasnia ndogo, ambamo mwajiri wa leo ni rafiki wa mwajiri wa kesho, kulidai jina lako ni kuuhatarisha mkate wako. Wanaowaita wafanyakazi hao wanung'unikaji wajiulize: manung'uniko yana njia gani nyingine pale mlango wa mbele unapofungwa?

Huenda mwanafunzi wa Kiswahili akauliza haya yote yanamhusu nini. Yanamhusu sana. Washairi wa kale wa upwa wetu waliijua hatari hii. Mwana Kupona, alipoutunga utendi wake mwaka 1858, alilifuma jina lake ndani ya beti zenyewe, na hivyo mnakili hangeweza kulitoa pasi na kuuchana utungo. Kwa upande mwingine, tungo za Muyaka zilitufikia kwa sehemu kubwa kutokana na juhudi za Mwalimu Sikujua, aliyezikusanya Mombasa na kumsaidia W. E. Taylor kuzihifadhi. Diwani iliyochapishwa mwaka 1940 ilitolewa chini ya uhariri wa William Hichens. Ni wanafunzi wangapi wanaoweza kumtaja Hichens, na ni wangapi wanaomkumbuka Sikujua?

Sheria ipo, japo haitoshi. Australia iliirekebisha sheria yake ya hakimiliki mwaka 2000 ili mtunzi apate haki ya kutajwa, na Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 nayo inaitambua haki ya mtunzi kudai kuwa kazi ni yake. Hata hivyo, sheria ya Australia inamruhusu mwajiriwa kuridhia kwa maandishi kwamba haki hiyo ipuuzwe. Mtu anayekabidhiwa kalamu siku ya kwanza ya kazi aliyoitafuta kwa udi na uvumba, je, ataikataa karatasi?

Kwa hivyo dawa haiwezi kuachiwa mfanyakazi mmoja mmoja. Mchapishaji aweke sharti, studio ihifadhi kumbukumbu ya nani alifanya nini tangu siku ya kwanza, na kutajwa kufuate kazi iliyofanywa, si kuwapo mtu siku ya sherehe. Hakuna kati ya haya linalohitaji fedha nyingi. Orodha ya majina ikirefuka kwa dakika mbili haimpunguzii mtu faida. Wahenga hawakudai kwamba mnyonge apewe kila kitu. Walidai apewe haki yake. Katika kazi ya sanaa, haki ya kwanza ni jina.