Pompi mpya si dawa ya kamioneti kuzimika Ngomo

Wapendwa memba wa koperative, hii shida munaijua. Kamioneti ya zamani ya esanse inatoka Kamanyola saa sita, jua kali, imejaa nyanya. Inapanda Ngomo kwa vitesi ya kwanza, na katikati ya mlima moteri inakohoa, inazimika. Shofere anangoja nusu saa, inawaka tena kama hakuna kitu. (Mwenye kamio ya mazutu asijali, yake haina karbirateri.)

Ku mikutano jibu ni moja: pompi imekufa, tutoe pesa ya sanduku tununue ingine. Mimi sikubali. Pompi iliyokufa haifufuki kwa kupumzika. Mara nyingi ni joto: esanse inachemka ndani ya tiyo linalopita karibu na eshapoma, inageuka mvuke, na pompi haiwezi kusukuma mvuke. Tena kule juu esanse inachemka mbio kuliko huku bondeni.

Basi tuanze na vitu vya bei ndogo. Gari ikizimika, fungua bushoni ya tanki. Ukisikia hewa inaingia kwa nguvu na moteri ikawaka, tundu la bushoni limeziba. Angalia filtri. Angalia tiyo kati ya tanki na pompi: likipasuka mara nyingi halivuji, linavuta hewa tu, ndiyo maana hakuna anayeliona. Halafu kuna kipande cha kuzuia joto chini ya karbirateri. Mafundi wengine wanakitoa na kukitupa, ati hakina kazi. Kina kazi sana.

Baada ya hayo fundi apime nguvu ya pompi. Karbirateri nyingi zinataka bari 0,2 mpaka 0,4 hivi. Ikiwa chini, sawa, nunueni. Lakini si pompi ya umeme ya gari la enjeksyo, hata kama ni bei rahisi: inasukuma karibu bari 3, na esanse itamwagika juu ya moteri ya moto.

Na ile bidoni ya esanse ambayo kijana anaishika juu ya moteri ili gari ifike? Koperative iikataze kwa maandishi. Shofere anakubali hiyo hatari juu anaogopa kulipishwa nyanya zilizooza. Hasara ya kungoja ibebwe na koperative nzima, isikatwe kwa mshahara wake. Ningependa mkutano mkuu ujadili hilo mbele ya mambo ya pompi.