Aliyegonga muhuri naye alipe

Makamanda, msicheke, hii si mada ya urembo. Kiwanda cha PIP kule Ufaransa kilijaza matiti bandia silikoni ya viwandani, ya bei chee, isiyoruhusiwa kuingia mwilini. Wanawake wanaokadiriwa 300,000 waliwekewa matiti ya kampuni hiyo. Wengine yakawapasukia kifuani. Na cheti cha ubora kilikuwepo! Wakaguzi wa TÜV Rheinland ya Ujerumani walitoa taarifa kabla ya kwenda, basi mapipa yanafichwa, makaratasi yanapangwa vizuri, muhuri unagongwa. Mwaka 2013 mwenye kiwanda, Jean-Claude Mas, akahukumiwa kifungo cha miaka 4. Sawa. Ila mimi mwanafunzi wa sheria nimeipenda zaidi hukumu ya 2021: Mahakama ya Rufani ya Paris ilisema mkaguzi naye alizembea. Huku kwetu ukaguzi wa kushtukiza tunausikia kwenye hotuba tu.