Kaveera Iwe Mwiko Wetu

Wapo miongoni mwetu wasemao kwamba habari za mazingira ni za serikali na wenye viwanda, na kwamba mtu mmoja akitupa kaveera moja, yaani mfuko mmoja wa plastiki, dunia haidhuriki. Maneno haya husemwa hapa Mengo, Kampala, na watu wazima, wacha Mungu, wenye kulea watoto wao vizuri. Ndiyo sababu yanastahili kujibiwa.

Mengo ni kilima. Mvua ikinyesha, kila kilichoachwa mlangoni kwenye mteremko wa kuelekea Kisenyi hushuka na maji hadi mfereji wa Nakivubo, na mfereji huo humwaga maji yake katika Ghuba ya Murchison, Ziwa Victoria. Kwenye ghuba hiyo hiyo ndiko mitambo ya Ggaba huvuta maji ya kunywa ya Kampala. Tulichokitupa kinatufuata bombani, nasi tunalipia kusafishwa kwake. Tena kaveera zikiziba mfereji, maji huingia katika nyumba za watu wa bondeni ambao pengine hawakutupa kitu. Mkaaji wa kilimani hana haki ya kumtendea jirani yake hivyo.

Na taka zinazozolewa, je? Tarehe 10 Agosti 2024 jalala la Kiteezi, lililopokea taka za jiji hili tangu mwaka 1996, liliporomoka na kufukia nyumba zilizokuwa na watu ndani. Walikufa zaidi ya 30. Wasimamizi wa jiji wana lao la kujibu katika msiba ule, wala simwondolei mtu lawama. Lakini mlima ule wa taka ulitoka wapi? Ulitoka jikoni kwetu, ganda kwa ganda, chupa kwa chupa, kaveera kwa kaveera. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hakichagui kinachotiwa.

Mtasema: basi na itungwe sheria. Ndugu zangu, sheria ipo. Tangu mwaka 2009 kaveera nyembamba zimepigwa marufuku Uganda, na leo ukinunua nyanya tatu katika soko la Owino unafungiwa ndani ya kaveera. Rwanda walifaulu, Kenya na Tanzania nazo zimepiga hatua, na serikali yetu inapaswa kuona haya. Hata hivyo, polisi hawezi kusimama katika kila kibanda. Hata amri ya mfalme haikutosha: Mwanga, Kabaka wa Buganda, alipowaamuru watu wachimbe Ziwa la Kabaka hapa kwetu kwa mikono, miaka ya 1880, hata wakuu walitiwa katika kazi ile ya matope, na manung'uniko yakazidi. Mwaka 1888 akapinduliwa. Amri ikiwa peke yake haikai moyoni.

Kinachokaa moyoni tunacho tayari. Pita barabara ya Kabaka Anjagala, kutoka Bulange, jengo la bunge la Buganda, hadi Lubiri, ikulu ya Kabaka, utazame sanamu za koo za Buganda. Mtu wa ukoo wa Mmamba hali kambare-mamba; wa Nsenene hali senene, hata msimu wake ukifika na majirani wote wakikaanga. Nani humlinda? Hakuna askari wala faini. Ni yeye na sahani yake, kama babu yake alivyokuwa na sahani yake, na hakuna mtu wa ukoo aliyewahi kusema kwamba mmoja akila hakuna neno. Miiko hii imeziona tawala nyingi zikija na kuondoka. Kwa nini basi tushindwe kuongeza mwiko mmoja, wa kaveera?

Mwiko wenyewe hauhitaji fedha. Matoke yalifunikwa kwa majani ya mgomba vizazi na vizazi, na chakula kikanukia. Siku hizi wapo wanaoyafunika kwa kaveera juu ya mvuke wa moto, kisha wanawapakulia watoto. Hilo liachwe leo, kwa ajili ya afya kabla ya jambo lingine lolote. Wala utunzaji wa mazingira jikoni hauishii kwenye kaveera; tazama makaa nayo: maharage yaliyolowekwa usiku kucha huiva kwa makaa machache kuliko yaliyotiwa sufuriani makavu, na sigiri ya udongo iliyojengwa vizuri hutunza moto. Mama anayenunua makaa kwa kopo ataiona tofauti mfukoni mwake kabla ya mwezi kwisha, na miti iliyo mbali, ambayo hataiona kamwe, itapata nafuu. Asemaye kwamba mambo haya ni ya matajiri hajapika kwa makaa ya kununua.

Sisemi mtu mmoja akibeba kikapu badala ya kaveera ataisafisha Nakivubo. Viwanda vibanwe, na jiji litafute namna bora ya kuweka taka. Lakini anayedai hayo huku akirusha chupa kupitia dirisha la teksi hatasikilizwa, wala hastahili. Mteja akikataa kaveera, muuzaji huona. Wakikataa wengi, huacha kuzinunua, na mwenye kiwanda hupata habari bila kuandikiwa barua.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukienda sokoni Jumamosi hii chukua kikapu, na muuzaji akinyoosha mkono kuifungua kaveera, mwambie kwa upole kwamba kwenu hailetwi. Mwambie mbele ya watoto wako.