Miguu ya Ndege ndani ya Sufuria

Mara kwa mara vijana wa mjini wenye damu moto huuliza: ni milima gani nchini mwetu iliyo migumu kupita yote kwa mtu apendaye kutembea porini na kuwinda? Jibu langu ni Udzungwa. Kilimanjaro ni mrefu zaidi, hilo halina ubishi, lakini njia zake zimekwisha kukanyagwa na maelfu ya miguu. Udzungwa huchomoza kutoka bonde la Kilombero, kiasi cha mita 250 tu juu ya usawa wa bahari, na msitu wake hupanda bila kukatika hadi kupita mita 2,000, na kilele kirefu kuliko vyote hupita mita 2,500. Mna magenge, utelezi, tembo na nyati, na mahali pengine majani yamesongamana hata mtu hamwoni mwenzake aliye hatua kumi mbele.

Hata hivyo, bunduki iachwe nyumbani. Tangu mwaka 1992, eneo la kilomita za mraba 1,990 katika milima hiyo ni Hifadhi ya Taifa, na kuwinda humo ni kosa. Mtu aweza kunung'unika kwamba milima yote hiyo imefungiwa nini. Visa viwili vitamjibu.

Mwaka 1979 watafiti walisikia katika msitu huo sauti ya mnyama wasiyemjua. Mwenyeji aliyewaongoza aliitambua mara moja. Alikuwa kima ambaye wanakijiji walimfahamu siku zote, lakini hakuna kitabu cha elimu ya wanyama kilichokuwa kimemwandika. Leo anaitwa kwa jina la Sanje, kijiji kilicho chini ya mlima. Kisha mwaka 1991 watafiti wengine, wakiwa kambini, walichungulia ndani ya sufuria iliyokuwa jikoni wakaona miguu ya ndege ya namna ya ajabu. Alikuwa aina ya kwale asiyejulikana kabisa kwa wataalamu, na walipomchunguza walimwona anakaribiana zaidi na kwale wa milima ya Asia kuliko wa Afrika.

Basi katika visa vyote viwili, aliyekuwa hajui ni msomi, si mwenyeji. Maarifa ya mwindaji ni hazina, na hayastahili dharau. Lakini sufuria ile inatisha pia. Ni viumbe wangapi walioliwa wakaisha kabla ya mtu yeyote kuwaandika? Mtego wa waya hauchagui. Humnasa paa wa kawaida na humnasa mnyama asiyepatikana penginepo duniani. Wala hautegwi kwa njaa ya kijijini peke yake. Hutegwa pia kwa ajili yetu sisi wa mjini, tunaponunua kitoweo cha porini gizani bila kuuliza kilikotoka.

Tena milima hiyo inatulisha kwa njia nyingine. Mito yake hushuka kwenye mashamba ya miwa na mpunga ya Kilombero, na maji ya mto Kihansi huzungusha mitambo ya umeme yenye uwezo wa megawati 180. Msitu ukikonda, chai yetu na taa yetu vitasikia.

Kwa familia itakayo kwenda, lango la hifadhi lipo Mang'ula, kwenye barabara itokayo Mikumi kupitia Kidatu kuelekea Ifakara. Reli ya TAZARA nayo hupita hapo. Maporomoko ya Sanje, yaangukayo jumla ya mita 170, hufikiwa na kurudiwa katika nusu siku, na watoto wakubwa huyaweza. Wenye miguu imara hupanda Mwanihana kwa siku tatu, wakiandamana na askari mwenye silaha. Chukueni viatu vinavyoshika ardhi, suruali ndefu na maji ya kutosha.

Juu ya yote, tembeeni na mwongozaji wa pale pale, na mlipeni haki yake bila kuvutana. Senti anayoipata kwa kutuonyesha mnyama aliye hai ni waya mmoja usiotegwa. Mwambieni mtoto amwulize jina la kila ndege kwa lugha ya kwao. Pengine mmoja wao ana jina kijijini, na vitabuni bado hajafika.