Fungueni Hizo Chupa

Wapenzi wa bia za viwanda vidogo wana imani moja inayowapotezea bia nyingi kuliko uzembe wa wauzaji wote tukiwajumlisha. Wanaamini kwamba bia nzuri ni ya kuwekwa. Mtu akipata chupa ya maana, iwe ameletewa na shemeji kutoka Brussels au ameinunua mwenyewe kwa bei ya kuumiza, haifungui. Anaifuta vumbi, anaipandisha juu ya kabati, anasubiri. Muulize anasubiri nini, atakujibu bila kusita kwamba bia ni kama mvinyo: ikikaa inakomaa, na ikikomaa inazidi utamu.

Si kweli. Kwa sehemu kubwa ya chupa zilizopangwa kwenye makabati yetu, hakuna hata chembe ya ukweli ndani yake. Bia nyingi huwa katika ubora wake siku inapotoka kiwandani, na kuanzia hapo ni kushuka tu. Anayeiweka mwaka mzima anadhani anaitunza, kumbe anaiua polepole, kisha anaita marafiki waje kuionja ikiwa imeshakufa.

Kinachotangulia kufa ni hopsi. Maua haya ndiyo yanayoipa bia uchungu wake, na katika bia za mtindo wa IPA ndiyo yanayoleta ile harufu ya embe, ganda la chungwa na utomvu wa msonobari. Harufu hiyo ndiyo uliyolipia. Lakini kila chupa inapozibwa, hubaki ndani yake oksijeni kidogo, na hata kizibo kilichobanwa sawasawa kinapitisha nyingine kidogo kidogo kadiri miezi inavyokwenda. Watengenezaji makini wanapigana na hewa hiyo usiku na mchana. Wanaipima kwa sehemu katika bilioni, kwa sababu wanajua uharibifu wake. Wewe ukiiacha chupa mwaka mzima, unaipa oksijeni muda wote inaouhitaji kumaliza kazi.

Chukua IPA ya namna hiyo, iliyokaa mwaka juu ya kabati, uifungue. Itatoa mlio kama kawaida, maana gesi bado ipo, na mlio huo ndio unaowahadaa watu. Imimine kwenye glasi safi. Rangi iliyokuwa ya dhahabu sasa inaelekea chai ya rangi. Povu litapanda. Halafu weka pua. Penye embe pana boksi la karatasi lililolowa mvua, nyuma ya boksi kuna asali, nyuma ya asali kuna kitu kama zabibu kavu. Onja: uchungu umebaki, lakini umebaki peke yake, mkavu, unakwaruza ulimi bila harufu ya kuubeba. Ile harufu ya boksi inatokana zaidi na kemikali iitwayo trans-2-nonenal, na pua ya binadamu inaikamata hata ikiwa chini ya sehemu moja katika bilioni. Sasa mwenyeji wako anainusa glasi hiyohiyo, anafumba macho, anasema, “Imekomaa.”

Joto ndilo linaloharakisha yote haya, na hapo ndipo imani hii inaposhindwa kabisa kuishi katika nyumba zetu. Watengenezaji bia wana kanuni ya kukadiria wanayoikariri kwa tarakimu tatu: 3, 30, 300. Bia iliyokaa siku 3 katika nyuzijoto 32 za Selsiasi imechakaa sawa na iliyokaa siku 30 katika nyuzijoto 22, au siku 300 katika friji yenye nyuzijoto 3. Ni makadirio, lakini ihamishie hesabu hiyo Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari, kwenye chumba kilicho chini ya bati, juu ya kabati ambako joto lote la chumba linapanda kwenda kukaa. Wiki moja pale inaweza kula maisha ya bia ambayo kwenye friji yangedumu zaidi ya mwaka. Mkusanyaji wa Ubelgiji akisema ameiweka chupa miaka mitano, anazungumzia chumba cha chini ya ardhi, chenye giza, ambacho kiangazi na kipupwe hukaa kwenye nyuzijoto 12 au 13. Sisi tumechukua msemo wake tukakiacha chumba chake.

Tena wengine wanalinunulia kabati milango ya kioo na kulitia taa, ili wageni waone. Mwanga ukiigonga bia yenye hopsi, unazaa ndani yake kemikali ya jamii ya salfa inayonuka kama kicheche aliyeudhiwa. Chupa ya kahawia inazuia sehemu kubwa ya mwanga huo. Ya kijani inazuia kidogo, nyeupe karibu haizuii kitu, na chini ya jua kali kazi yote inakwisha kwa dakika chache. Watu wameizoea harufu hiyo kwenye bia za chupa za kijani hadi wakadhani ndiyo alama ya bia ya nje.

Imani hii haikutoka hewani, na ni haki kusema ilikotoka. Mwaka 1968, mjini Dorchester, Uingereza, kiwanda cha Eldridge Pope kilitengeneza bia kali iliyoitwa Thomas Hardy’s Ale kwa heshima ya mwandishi Thomas Hardy, miaka 40 baada ya kifo chake, na kikawaahidi wanunuzi kwamba ikihifadhiwa vizuri ingedumu miaka 25. Kiwanda cha Fuller’s cha London kimekuwa kikitoa Vintage Ale yake ya kila mwaka tangu 1997, na wapo wanaozipanga kwa miaka na kuzilinganisha. Brussels kuna Cantillon, ambako gueuze hupatikana kwa kuchanganya bia chachu zilizolala kwenye mapipa ya mbao, nyingine hadi miaka mitatu, na chupa zake zinaweza kuishi miaka mingi baada ya hapo. Yote haya ni kweli, na nazipenda bia hizi.

Lakini tazama zina nini. Ni kali, mara nyingi asilimia 8 ya kilevi kwenda juu, au ni chachu kiasi cha kuwashinda vijidudu, au zimebeba chachu hai chupani inayoendelea kuila oksijeni na sukari. Nyingi zina kimea kizito kilichokaangwa, ambacho kikichakaa kinaelekea tende na sukari guru badala ya kuelekea boksi. Zilitengenezwa na watu waliojua kwamba zitakaa. Bia yako ya asilimia 5 yenye hopsi za kunukia haina hata sifa moja kati ya hizo. Kuipa heshima ya Thomas Hardy’s kwa sababu tu nayo imetoka mbali na ina lebo nzuri ni kutojua kilichomo ndani yake.

Na hata hizo zinazostahimili, neno “kukomaa” linazisema vibaya. Orval ni mfano ninaoupenda kuliko yote. Inatengenezwa katika monasteri ya Watrapisti kusini mwa Ubelgiji, jirani na mpaka wa Ufaransa, na inapotiwa chupani huongezwa chachu ya porini iitwayo Brettanomyces. Ikiwa changa ina uchungu safi na harufu ya hopsi iliyo wazi. Miezi ikipita, hopsi zinarudi nyuma, chachu inakula sukari iliyobaki, bia inakauka, na inaingia harufu ya ngozi na banda la farasi. Ubelgiji kuna baa zinazokupa uchague, changa au ya zamani, na wazee wanaoinywa maisha yao yote wamegawanyika pande mbili bila kupatana. Wanaochagua changa hawaombi radhi kwa yeyote. Wanajua muda umeleta bia nyingine, na mtu ana haki ya kuipenda ile ya kwanza.

Wanaotengeneza bia za hopsi, kwa upande wao, wamechoka kutuambia. Kiwanda cha Russian River cha California, kinachotengeneza IPA maarufu ya Pliny the Elder, kimeijaza lebo ya chupa hiyo maonyo ya kila namna: iweke kwenye baridi, inywe ikiwa mpya, usiizeeshe. Mwaka 2012 kiwanda cha Stone, cha California pia, kilianza kutoa IPA ambayo jina lake lenyewe ni tarehe ya mwisho ya kuifurahia, wiki chache tu baada ya kutiwa chupani. Hata Budweiser, bia ya umati ambayo wakusanyaji hawaitazami mara mbili, ilianza mwaka 1996 kuchapa kwenye chupa siku ya kuzaliwa kwake ili mnywaji ajue umri wa anachokunywa. Watu hawa wanaijua bia yao kuliko sisi. Kwa nini tuwapinge tukiwa tumekaa sebuleni?

Linaloniuma zaidi ni kwamba gharama ya imani hii haimwangukii mkusanyaji peke yake. Nairobi, Kampala, Kigali na Dar es Salaam sasa kuna vijana waliojitosa kutengeneza bia kwa matangi madogo, kwa mtaji mdogo, wakishindana na makampuni makubwa yenye malori na friji kila kona. Bia za makampuni hayo kwa kawaida hupashwa moto kuua vijidudu na kuchujwa hadi zing’ae, kwa hiyo zinavumilia kreti, jua na duka la mtaani. Za viwanda vidogo mara nyingi hazipashwi moto wala hazichujwi sana. Huo ndio utamu wake, na ndio udhaifu wake. Mtu anainunua chupa ya namna hiyo, anaizungusha kwenye buti la gari, anaiweka kabatini “ikomae”, baada ya miezi minane anaifungua mbele ya watu wanne, nao wanne wanaondoka wakisema bia za hapa nyumbani bado. Kijana aliyeitengeneza hayupo kujitetea. Bia aliyoipika, hakuna hata mmoja kati yao aliyeionja.

Ajabu ni kwamba hapa kwetu imani hii haina mizizi kabisa. Nenda Kibosho au Marangu ukamuulize mama anayepika mbege. Ndizi zilizopikwa zikachachuka, uji wa kimea cha ulezi, magome ya msesewe ya kutia uchungu. Kisha anajua siku yake. Leo bado tamu, kesho imesimama, keshokutwa inakuwa kali na baada ya hapo ni ya wasio na la kuchagua. Mgeni haambiwi arudi mwakani. Ndivyo ilivyo kwa rubisi ya Kagera, ndivyo ilivyo kwa busaa ya magharibi mwa Kenya. Babu zetu walijua siku ya pombe na wakapanga harusi, matanga na kazi za shamba kuizunguka siku hiyo. Kuthamini kinywaji kwa upya wake ni ujuzi wetu wa zamani, na tumeutupa kwa sababu chupa ina lebo ya kizungu.

Kuna na fahari ya kumiliki, ambayo mara nyingi ndiyo inayojificha nyuma ya hoja ya kukomaa. Watawa wa Sint-Sixtus, kule Westvleteren, Ubelgiji, wanauza bia yao iitwayo 12 kwenye chupa zisizo na lebo ya karatasi, kwa oda, kwa mtu binafsi, na wanamtaka mnunuzi asiiuze tena. Tangu mwaka 2005, ilipotajwa kuwa bia bora duniani, imekuwa ikiuzwa tena nje ya monasteri kwa bei za kutisha. Watawa walitengeneza kitu cha mezani, cha kunywa pamoja na chakula na watu. Anayeinunua ili aitazame ameinunua chupa, bia ameiacha.

Kuonja nyumbani ni starehe ya kweli na ninaitetea kwa nguvu zote. Chupa moja ya mililita 330 inawatosha watu watatu kuonja na kuzungumza, kwa hiyo jioni moja watu wachache wanaweza kupita bia nne au tano bila mtu kulewa. Anza na nyepesi, malizia na nzito. IPA itoe kwenye friji robo saa kabla, kwa sababu baridi kali inaziba pua. Stauti kali iache muda mrefu zaidi. Glasi zioshwe na zisuuzwe vizuri, maana mafuta ya sahani yanaua povu. Na kama bado unadhani nimetia chumvi, nunua chupa mbili za IPA moja, za tarehe moja. Moja iweke kwenye friji, nyingine juu ya kabati. Mwezi ukiisha, mwambie mtu akumiminie zote mbili bila kukuambia ipi ni ipi.

Dukani, geuza chupa utafute tarehe ya kutiwa chupani. Isipokuwepo, muulize muuzaji imefika lini na imekaa wapi. Akikuonyesha dirishani, iache. Bia kali ya kuwekwa, kama kweli unayo mahali pa baridi na giza pa kuiweka, nunua mbili, unywe moja sasa ili uwe na cha kulinganisha baadaye. Na zile zilizopo kabatini tayari zifungueni wiki hii, mkianza na IPA.