Kuvutwa na mbwa kwenye theluji: kabla ya kulipa, uliza mbwa anaishi namna gani

Kila mwaka, kuanzia mwezi wa kumi na mbili, video zilezile zinarudi kwenye vikundi vyetu vya WhatsApp. Ndugu yetu anayeishi Norwei ao Ufini amevaa nguo nene mpaka hatumtambui, ameketi kwenye gari ya mbao isiyo na magurudumu, na mbele yake mbwa sita wanakimbia juu ya theluji. Chini ya video, maneno ya watu wa Goma, Bukavu na Uvira ni yaleyale pia: Wazungu wamefanya mbwa kuwa punda, na huyu naye amelipa makuta yote hayo juu ya kuvutwa na mbwa! Hakosi mwenye kuongeza kwamba hata mbwa wa huko wako na kazi, wakati vijana wetu wenye diploma wanakaa tu.

Kwa maoni yangu, wanaocheka wanakosea. Lakini wanaosifu bila kuuliza chochote wanakosea zaidi, sababu ni wao ndio wanatoa makuta.

Tuanze na mbwa mwenyewe. Kazi ya kuvuta haikuanzishwa kwa ajili ya watalii. Kwenye kisiwa cha Zhokhov, kaskazini mwa Siberia, wachunguzi walipata mifupa ya mbwa yenye miaka karibu 9,500, na uchunguzi uliotangazwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba mbwa huyo ni wa ukoo wa karibu na mbwa wanaovuta leo kule Greenland. Wainuit wamewinda na kusafiri na mbwa hao vizazi na vizazi. Mwaka 1925, wakati ugonjwa wa dondakoo uliposhambulia mji wa Nome, Alaska, bandari ilikuwa imefungwa na barafu na hakukuwa ndege ya kutegemea. Waendesha mbwa karibu 20 walipokezana dawa kwa njia ya zaidi ya kilometa 1,000, ikafika kwa siku tano na nusu. Wasomaji wa Beni na Butembo wanaelewa jambo hili kuliko wengine: wakati wa Ebola ya 2018 mpaka 2020, chanjo iliyopaswa kukaa kwenye baridi ya digri 60 mpaka 80 chini ya sifuri ilipitishwa kwenye barabara zetu tunazozijua. Pale barabara inapokosekana, mtu anatumia kile alicho nacho. Kwetu ni motari na tshukudu, kwao ilikuwa mbwa.

Kwa hiyo, anayesema mbwa anateswa kwa sababu tu anavuta, huyo hajaona namna safari inavyoanza. Gari inafungwa na kamba kwenye mti ao kwenye nguzo, maana bila hivyo mbwa wangeondoka peke yao. Wanaruka, wanalia, wanauma kamba, kelele mpaka huwezi kusikia mwenzako. Wakati kamba inaachiliwa, kelele zote zinakatika mara moja. Unabaki kusikia miguu yao na mbao zinazoteleza, basi. Mnyama asiyetaka kazi hafanye hivyo. Wengi wao si wakubwa pia. Mbwa wa mbio wa Alaska ana kilo 20 na kitu. Kwenye mashindano marefu anaweza kula karibu kalori 10,000 kwa siku, wakati mtu mzima anatosheka na 2,500. Kinachomsumbua si baridi, ni joto.

Mgeni naye hakai kama mufalme. Mara nyingi watu wawili wanapewa gari moja: mmoja anaketi, mwengine anasimama nyuma. Somo la kwanza ni breki. La pili ni kutoachilia mkono wa gari hata ukianguka, sababu mbwa hawatakungojea. Kwenye mupando unashuka na kusukuma, sawasawa na abiria wa Fuso kwenye matope ya Walikale. Kisha safari mnakaa kandokando ya moto, mnapewa supu na kahawa. Kwa masaa mawili hivi, kule Tromsø ao Rovaniemi, bei inaweza kufika ao kupita dola 200 kwa mtu mmoja.

Hapa ndipo mambo yanaanza kuwa magumu. Makuta hayo yanaingia kwa miezi ine ao mitano tu. Mbwa anakula miezi kumi na mbili. Na mbwa anaishi mpaka miaka 12 ao zaidi, lakini nguvu za kuvuta vizuri zinaisha mbele ya hapo. Kila anayefanya biashara hii lazima ajibu swali hilo, na si wote wanajibu vizuri. Mwaka 2010, kule Whistler, Kanada, makumi ya mbwa waliuawa na kuzikwa kwenye shimo moja baada ya kipindi cha michezo ya Olimpiki, wageni walipopunguka. Habari ilipojulikana mwaka uliofuata, serikali ya jimbo la British Columbia ilikaza sheria yake juu ya kutesa wanyama. Wageni waliopiga picha na mbwa hao walikuwa wamekwisha kurudi kwao.

Wafugaji wengi hawafanye hivyo, na wengine wanawapenda mbwa wao kuliko faida. Lakini mgeni wa masaa mawili hawezi kutofautisha mwema na mbaya kwa kuangalia safari peke yake, sababu mbwa wa pande zote mbili watakimbia kwa furaha ileile. Hilo ndilo linanisumbua zaidi katika jambo hili lote: furaha ya mbwa kwenye njia si ushahidi wa maisha yake nyumbani.

Tujiulize kwa mfano wetu. Kama mtalii angelipa dola 20 ashuke na tshukudu kutoka Kibumba mpaka Goma, swali la kwanza ambalo kila mtu wa Goma angeuliza ni: mwenye tshukudu anapata ngapi? Hatungeridhika kusikia kwamba alikuwa anacheka kwenye picha. Mbwa hana mfuko. Mshahara wake ni chakula, nafasi ya kutembea bila mnyororo, mganga wa wanyama, na uzee wa kupumzika. Ni halali mgeni aulize kama mshahara huo unalipwa: wazee wako wapi? Wakati wa kiangazi mbwa wanafanya nini? Leo mbwa hawa wamezunguka mara ngapi mbele yangu? Mfugaji mzuri anapenda maswali hayo, atakuita uone mbwa mzee anayelala kwenye jua na atakutajia jina lake. Anayekuambia kwamba banda halitembelewi, chukua makuta yako uende kwingine.

Kuna jambo lingine ambalo video hazisemi. Wageni wengi wanaokwenda Laponi ya Ufini wanafikiri wameona desturi ya wenyeji. Si hivyo. Wenyeji wa eneo hilo, Wasami, mnyama wao wa asili ni kulungu wa kaskazini, ambaye wanafuga kwa ajili ya nyama, ngozi na kuvuta mizigo. Biashara ya mbwa wa kuvuta watalii ilikuja kule juzijuzi tu, na pahali pengine wafugaji wanalalamika kwamba mbwa wanatisha kulungu wao kwenye malisho. Anayetaka kuona mbwa kwenye desturi yake ya kweli aende Greenland, ambako mwindaji angali anafunga kila mbwa na kamba yake mwenyewe ili watawanyike kama vidole vya mkono kwenye barafu ya bahari. Sisi wa Kivu hatupaswi kushangaa. Tunajua namna Batwa walivyoondolewa katika msitu wa Kahuzi-Biega miaka ya 1970, na namna mgeni anavyoweza kulipa dola mamia juu ya kuona ngorila bila kujua kwamba walioishi na ngorila hao wako wapi sasa.

Na wale wanaosema kwamba haya yote ni mambo ya Wazungu, mbwa kwetu ni wa kulinda parsele tu? Mbwa wa misitu ya Kongo, ambaye Ulaya wanamwita Basenji, anajulikana dunia nzima kwa kutobweka, na wawindaji wetu wanamfunga kengele shingoni ili wajue yuko wapi porini. Waingereza walimchukua kutoka kwetu miaka ya 1930 na leo wanamuuza kwa bei. Mbuga ya Virunga nayo, tangu mwaka 2011, iko na kikosi cha mbwa wa kunusa wanaofuata nyayo za majangili. Kazi ya mbwa si kitu kigeni hapa.

Wala theluji si kitu kigeni. Wakaaji wa Mutwanga wanaiona asubuhi mawingu yakifunguka juu ya Ruwenzori. Mwanzoni mwa karne iliyopita barafu ya mlima huo ilipita kilometa mraba 6. Leo haifiki hata 1. Ugonjwa ni uleule kaskazini: mashindano makubwa ya mbwa ya Alaska, Iditarod, yalilazimika kuhamisha mwanzo wake mpaka Fairbanks mwaka 2003, 2015, 2017 na tena 2025 kwa sababu njia ya kawaida ilikosa theluji. Mfugaji ambaye kipindi chake cha kazi kinafupishwa kila mwaka, na mbwa wake hawapunguki, yuko kwenye shida ya kweli. Ndiyo sababu mimi sisemi ndugu zetu wasiende. Wakikosa wote kwenda, mwema ataanguka mbele ya mbaya, maana ni yeye mwenye gharama kubwa.

Basi, ninyi mulio Norwei, Ufini na Uswidi, mwaka huu mukienda tena, musitutumie tu video ya mbio. Hiyo tumekwisha kuiona. Kisha supu, ingieni nyuma ya nyumba, mupige picha pale mbwa wanapolala na pale wazee wanapokaa, mutuandikie na jina la mbwa aliyekuwa mbele. Kama mwenyewe amewakataza kupiga, mutuambie hilo pia, tutajua la kuwajibu watoto wengine wa kwetu wanaotaka kujaribu.